UZI: Presha, chumvi na platileti. Kwa nini mshipa wa mwenye presha huziba mara nyingi kuliko kupasuka?

#1 Hadubini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya presha ikipanda hapa, lazima atokee mtu aulize: "Nimepima damu, platileti zimesoma kawaida, kwa hiyo damu yangu haina tatizo la kuganda, si ndiyo?" Nimeona nisijibu tena vipande vipande, nishushe uzi mzima. Kazi yangu ni maabara, upande wa damu. Daktari wa wodini mimi siyo, dozi ya mtu simpangii, ila yanayotokea ndani ya kichupa nayajua.

Tuanze na kitendawili. Presha ni msukumo. Mtu akikaa miaka na 180/110, ungetegemea siku moja mshipa upasuke, damu imwagike. Na hutokea kweli, hasa kwenye ubongo. Lakini ukichukua viharusi vyote duniani, zaidi ya nusu ni vya mshipa kuziba. Shambulio la moyo nalo, kwa sehemu kubwa, ni bonge la damu lililokaa ndani ya ateri ya moyo. Msukumo umezidi, halafu kinachoua ni kuganda! Watafiti wa Birmingham kule Uingereza, akiwemo Gregory Lip, wameandika sana juu ya mgongano huu, na maelezo yao wameyajenga juu ya mambo matatu yanayobeba jina la Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19: ukuta wa mshipa, mwendo wa damu, na damu yenyewe. Presha ya muda mrefu inachezea yote matatu. Leo nabanana na platileti, kisha nionyeshe chumvi inaingilia wapi.

Platileti, au chembe sahani, ni vipande vilivyomegwa kutoka kwenye seli kubwa za uboho wa mifupa. Hazina kiini. Upana wake ni mikromita 2 hadi 3, na kila moja inaishi siku 7 hadi 10 tu. Ndani ya mikrolita moja ya damu kunakuwa na 150,000 hadi 400,000 hivi, na kama theluthi ya zote mwilini imejibanza kwenye bandama. Mwitaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyezieleza vizuri mwaka 1882, akaonyesha kwamba ndizo za kwanza kushikana pale mshipa unapochubuka.

Ile 210 au 260 (yaani maelfu) unayoiona kwenye karatasi ya majibu ni idadi. Basi. Haisemi neno lolote kuhusu tabia yake. Mlinzi aliyekesha usiku wa tatu mfululizo ukimgusa bega anaruka na rungu, na kujua wapo walinzi wangapi getini hakukusaidii kulijua hilo.

Tabia ikoje? Platileti iliyotulia ni bapa, laini, inateleza na damu bila kushika popote. Ikikutana na kolajeni ya ukuta uliochubuka, au adrenalini, au ADP (kemikali ya kuamsha platileti) iliyomwagwa na mwenzake, inabadilika ndani ya sekunde. Inajikunja kuwa duara, inatoa vijimkono, inamwaga vifuko vyake vya serotonini, kalsiamu na ADP nyingine, inatengeneza tromboksani A2 ya kuita wenzake, halafu inafungua vipokezi vya kukamata fibrinojeni, protini ya damu inayoziunganisha. Hapo zinashikana. Ishara kubwa ya ndani inayowasha haya yote ni kalsiamu huru kupanda ndani ya platileti. Hiyo kalsiamu ishikeni, tutaihitaji mbele.

Kupima tabia kuna kipimo chake, alichokibuni Gustav Born mwaka 1962, na mpaka leo kinatumika. Damu inachukuliwa kwenye kichupa cha sitreti (dawa ya kuizuia isigande) na kuzungushwa taratibu, seli nyekundu zinashuka chini, juu inabaki plazma yenye platileti, ya manjano na ukungu. Hiyo plazma inawekwa kwenye mashine yenye nyuzi joto 37, ndani kuna kijisumaku kinachokoroga, pembeni taa inapiga. Ukitonesha ADP, mchoro kwenye grafu kwanza unatikisika kidogo, zile platileti zinabadilisha umbo. Kisha, mbele ya macho yako, ule ukungu unaanza kutakata. Vijipande vyeupe vinaelea, mwanga unapita. Kwa mtu mwenye platileti tulivu, ukitia ADP kidogo zinashikana halafu zinaachana, mchoro unarudi. Kwa mwenye platileti zenye hasira, dozi ileile haina kurudi. Na kichupa hicho huwezi kukitupia kwenye friji ukasema utapima kesho, maana baridi yenyewe inazichokoza. Hata platileti za kuongezewa wagonjwa hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote.

Sasa kwa wenye presha. Ukiwapima kama kundi, platileti zao zinaonyesha dalili za kuwashwa: protini ya ndani iitwayo P-selektini imejitokeza juu ya uso, nyingine iitwayo beta-tromboglobulini imevuja kwenye plazma, na wastani wa ukubwa wa platileti uko juu kidogo. Mwaka 1984, Paul Erne na wenzake wa Basel, Uswisi, walipima kalsiamu huru ndani ya platileti wakakuta inapanda sambamba na presha ya mtu, na dawa zilipoishusha presha, kalsiamu ikashuka pamoja nayo.

Chumvi nakuja nayo. Maswali kwanza.

#2 Kidadisi

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 Mzee wa Dozi

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umetuzungusha. Chumvi inapandisha presha, hilo hata mtoto wa shule analijua. Presha inachokoza platileti, umetuambia. Kwa hiyo chumvi inafika kwenye platileti kupitia presha, hadithi imeisha. Au kuna njia nyingine?

#4 Hadubini

Mzee wangu, hapo ndipo penyewe. Njia nyingine ipo, tena zaidi ya moja.

Ya kwanza ni ukuta. Ngozi ya ndani ya mshipa haikai kimya. Muda wote inatoa oksidi ya nitriki na prostasaiklini, na kazi moja ya hivyo viwili ni kuziambia platileti zitulie, zipite. Ukimlisha mtu chumvi nyingi, uwezo wa mshipa kutanuka kwa kutumia oksidi ya nitriki unapungua, na hili limeonekana hata kwa watu ambao presha yao haikusogea. Hans Oberleithner na wenzake wa Münster, Ujerumani, mwaka 2007 walionyesha kwamba sodiamu ikipanda kidogo tu, bado ndani ya viwango vya kawaida vya damu, seli za ukuta huo zinakakamaa na oksidi ya nitriki inashuka. Kwa hiyo unaweza ukapima 120/80, ukafurahi, na huku ukuta wako umeshapunguza sauti ya kuzituliza platileti.

Ya pili ni ile kalsiamu. Mwaka 1977 Mordecai Blaustein alileta hoja hii: figo zikishindwa kutoa sodiamu yote inayoingia, mwili unatoa kemikali inayofanana na ouabaini (sumu ya mimea fulani), ambayo inabana pampu ya sodiamu kwenye seli. Sodiamu inabaki ndani, na kwa kuwa kalsiamu hutegemea sodiamu ili ipate kutoka, kalsiamu nayo inarundikana. Kwenye misuli ya ateri, hiyo maana yake ni mshipa kubana, presha juu. Mwaka 1991 kikundi cha John Hamlyn kilitangaza kuipata kemikali hiyo kwenye damu ya binadamu, ingawa ubishi juu yake haujaisha. Platileti nayo ina mitambo ya kuhamisha sodiamu na kalsiamu. Ndiyo maana watafiti wa presha wanaipenda: huwezi kumkata mtu kipande cha ateri kila wiki ukachungulie, lakini damu ya mkononi atakupa.

Ya tatu ni msuguano. Mshipa uliobana damu inaupita kwa kasi, na kasi hiyo inaikunjua protini ya von Willebrand, ambayo ikikunjuka inazinasa platileti. Hii ni presha yenyewe ikifanya kazi, hapo uko sahihi.

Halafu kuna potasiamu. Mlo wenye chumvi nyingi mara nyingi ndio huohuo mlo wenye potasiamu kidogo, kwa sababu chakula kilichosindikwa huongezwa ya kwanza na kupoteza ya pili. Mwaka 2004, kikundi cha Abraham Aviv kilichapisha jaribio la kuwaongezea watu kloridi ya potasiamu, na platileti zao zikawa nzito kuchokozeka. Jaribio dogo, lakini linakwenda njia moja na mengine.

Ila nisiwauzie zaidi ya kilichopo dukani. Majaribio ya kubadilisha chumvi peke yake na kupima platileti moja kwa moja ni madogo, ya siku chache, na hayakubaliani yote. Mengine yalikuta platileti zinashikana zaidi kwenye chumvi nyingi, mengine hayakuona tofauti ya maana. Sababu mojawapo inaeleweka: ukimkata mtu chumvi ghafla hadi karibu na sifuri, mwili unashtuka, renini na angiotensini (kemikali za mwili za kupandisha presha) zinapanda, noradrenalini inapanda, na hizo nazo zinazichokoza platileti. Kumtesa mtu siku 5 kwa mlo wa gramu 1 ni jambo moja. Kushuka kutoka gramu 10 hadi 5 na kubaki hapo miezi ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo linalotuhusu.

#5 Mama Pacha

Kaka Hadubini, asante kwa elimu. Mimi naomba nitoke kidogo kwenye nadharia. Baba mkwe wangu ana presha, juzi imesoma 174 kwa 102. Dawa ya presha kaiacha, anasema inamkojoza sana. Badala yake anakunywa aspirini ndogo kila asubuhi, kaambiwa na rafiki yake kwamba "inalainisha damu" na kiharusi hakitampata. Kwa maelezo yako ya platileti, si ni kama yuko sahihi? Maana aspirini inazituliza hizo hizo.

#6 Nesi wa Zamu

Mama Pacha, samahani nadakia kabla ya mleta uzi. Hapana. Huo mpangilio umegeuzwa kichwa chini. Aendelee Hadubini kueleza kwa nini.

#7 Hadubini

Asante dada Nesi.

Mama, aspirini inafanya hivi: inakifunga kimeng'enya cha COX-1 ndani ya platileti, ile tromboksani A2 haitengenezwi. Na kwa kuwa platileti haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kingine. Imeshafungwa mpaka ife. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 au 100 kwa siku kinatosha, na ndiyo maana ukiiacha leo bado itakuchukua siku kadhaa damu kurudi ilivyokuwa. John Vane aligundua namna inavyofanya kazi mwaka 1971 na mwaka 1982 akashiriki Nobel.

Lakini angalia alichokifanya mzee. Kaacha msukumo wa 174 unaendelea kuutwanga ukuta wa mishipa ya ubongo, halafu kazinyamazisha chembe ambazo zingeziba mshipa huo ukipasuka. Kajiongezea hatari upande ambao hakuuangalia. Presha isiyotulizwa pamoja na aspirini ndiyo hali ambayo madaktari wanaiogopa kwa damu kuvujia kwenye ubongo.

Kuna jaribio kubwa la kulifafanua hili, linaitwa HOT, lilichapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 18,790 wenye presha, wote wanashushwa presha vizuri, na wakati huohuo nusu wanapewa aspirini miligramu 75, nusu kidonge bandia. Waliopata aspirini, mashambulio ya moyo yalipungua kwa 36 kwa mia. Viharusi havikupungua. Na kutoka damu kukubwa, kusikoua, kuliongezeka karibu mara mbili. Kumbuka hao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Baba mkwe yeye hajaingia hata kwenye kundi hilo.

Tangu hapo upepo umezidi kugeuka. Jaribio la ASPREE la mwaka 2018 kwa wazee wenye afya halikuonyesha faida, na mwaka 2022 jopo la kinga la Marekani likashauri watu wa miaka 60 na kuendelea ambao hawajawahi kuugua moyo au kiharusi wasiianzishe aspirini kwa lengo la kujikinga.

Sasa tafadhali usiende kumnyang'anya kidonge leo. Kama aliwahi kupata shambulio la moyo, kiharusi cha kuziba, au kuwekewa kizibuo (stenti) kwenye ateri, habari inabadilika kabisa, na kuiacha ghafla ni hatari. Mrudisheni kwa daktari wake na maneno mawili: presha iko 174, na dawa imemshinda kwa sababu ya mkojo. Zipo dawa za presha za makundi mengine ambazo hazimkojozi mtu. Tena akipunguza chumvi, hata hiyo ya kukojoza inaweza kumtosha kwa dozi ndogo zaidi.

#8 Mama Pacha

Nimekuelewa kaka. Hakuwahi kuugua moyo wala kiharusi. Jumatatu tunampeleka, akigoma nitamsomea huu uzi mwanzo mwisho.

#9 Jiwe la Chumvi

Nyie watu wa maabara mnapenda kutisha. Utafiti mkubwa wa PURE wa mwaka 2014, watu zaidi ya laki moja, nchi nyingi, ulionyesha wanaokula sodiamu gramu 3 hadi 6 ndio wenye nafuu. Chini ya hapo vifo vinapanda! Gramu 3 za sodiamu ni gramu 7 na nusu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linatuambia chini ya 5. Nani muongo?

#10 Hadubini

Mkuu, umekuja na silaha ya kweli, na wengi wanaipuuza. PURE ni utafiti halali. Tatizo ni walivyopima. Walichukua mkojo wa asubuhi mara moja tu, halafu kwa fomula wakakadiria wa siku nzima. Fomula yenyewe inaingiza umri, uzito, urefu na jinsia, vitu ambavyo vyenyewe vinahusiana na kufa. Isitoshe, mgonjwa anayekula kidogo kwa sababu anaumwa anaonekana "anakula chumvi kidogo", halafu akifa lawama inaangukia chumvi kuwa kidogo.

Mwaka 2022 ukatoka uchambuzi wa tafiti 6, watu 10,709, wote wakiwa wamekusanya mkojo wa saa 24 zaidi ya mara moja. Huko ule mkunjo wa chini, yaani hatari kupanda kwa wanaokula chumvi kidogo, haukuonekana. Kila sodiamu ilipoongezeka kwa miligramu 1,000 kwa siku, hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliongezeka kwa 18 kwa mia. Wanaotetea PURE bado wapo na bado wanaandika. Mimi kati ya vipimo viwili namwamini aliyebeba dumu la mkojo saa 24.

Na hata ukiichukua PURE kama ilivyo, wastani wa dunia ni karibu gramu 11 za chumvi kwa siku, na utafiti wenyewe unasema juu ya sodiamu gramu 6 hatari inapanda, hasa kwa wenye presha. Wanaokula chini ya 5 bila kujijua ni wachache mno.

#11 Jiwe la Chumvi

Hoja ya mkojo wa asubuhi nimeikubali nusu. Lakini si kila mtu chumvi inampandisha presha. Mimi nala na presha yangu 118/76.

#12 Nesi wa Zamu

Hilo ni kweli, watu hawafanani. Weinberger mwaka 1986 aliwapima watu kwa kuwaongezea na kuwapunguzia chumvi, akakuta ambao presha yao inayumba kwa chumvi ni kama nusu ya wenye presha na kama robo ya wasio na presha. Umri ukisogea, figo zikichoka, unaweza kuhamia upande wa pili bila kupewa taarifa.

Na kama alivyosema Hadubini kwenye #4, ukuta wa mshipa unaweza kuumia presha ikiwa palepale. Hiyo 118/76 haijapima ukuta.

Niongeze la zamu za usiku. Wagonjwa wa moyo huja wengi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana. Haikuwa hisia za manesi tu. Tafiti za miaka ya 1980 Marekani zililithibitisha, na mwaka 1987 Geoffrey Tofler na wenzake wakaonyesha kwamba platileti nazo zinakuwa nyepesi kushikana asubuhi, lakini ni baada ya mtu kuinuka kitandani. Akiachwa amelala, hazifanyi hivyo. Presha inapanda saa hizohizo. Kwa hiyo mtu wa presha akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, na dawa yake asiiruke kwa kuwa jana alijisikia vizuri.

#13 Kidadisi

Hilo la kuinuka kitandani sikuwahi kulisikia. Swali: hizi chumvi za pinki za bei kubwa, na za bahari, zina nafuu kwa platileti?

#14 Hadubini

Hazina. Ya pinki ni kloridi ya sodiamu kwa zaidi ya 95 kwa mia, rangi inatokana na madini kidogo sana ambayo hayabadilishi chochote. Tena nyingi hazina iodini. Inayobadilisha mchezo ni ile ambayo sehemu ya sodiamu imeondolewa na kuwekwa potasiamu. Jaribio la SSaSS la China, lililotoka mwaka 2021, liligawa vijiji 600, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na zaidi na presha isiyotulia. Nusu ya vijiji walipewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Baada ya miaka karibu 5, viharusi vilikuwa pungufu kwa 14 kwa mia, na vifo vilipungua pia. Hapo hatuzungumzii tena grafu ya platileti, ni watu walioponyoka kiharusi. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi za aina hiyo kwa watu wazima wanaotumia chumvi ya mezani.

#15 Figo Moja

Mimi nilitoa figo kwa ndugu yangu, iliyobaki daktari anasema inafanya kazi kwa nusu, na niko kwenye losartani, dawa ya presha. Hiyo chumvi ya potasiamu naruhusiwa?

#16 Hadubini

Mkuu, usiiguse kabla ya kuonana na daktari wako. Wewe ni miongoni mwa wale ambao mwongozo wenyewe umewaweka kando: wenye figo dhaifu, na wote ambao utoaji wao wa potasiamu una kizuizi. Losartani na dawa za familia yake, na spironolaktoni pia, zinabakiza potasiamu mwilini. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama bila dalili ya maana ya kukutangulia. Wajawazito na watoto nao mwongozo haukuwahusisha. Kwako njia ni kupunguza ile chumvi ya kawaida, hilo halina ubishi.

Na dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni zikae mbali nawe. Zinabana figo, zinashikilia chumvi, zinapandisha presha. Kwa wanaotumia aspirini kwa amri ya daktari kuna nyongeza: aibuprofeni ikinywewa kabla yake inakaa kwenye kiti cha aspirini pale kwenye COX-1, aspirini inapita bila kufanya kazi.

#17 Mzee wa Dozi

Nimerudi. Nakiri uzi una nyama. Sasa nitajuaje nala gramu ngapi? Jikoni hatupimi kwa mizani, na ukiniambia "punguza" hunisaidii.

#18 Nesi wa Zamu

Kipimo cha uhakika ni mkojo wa saa 24, na watu wanakikosea sana. Ukiamka, mkojo wa kwanza mwaga, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, mpaka kesho saa ileile, na ule wa asubuhi ya kesho uingie. Ukisahau hata mara moja chooni kazini, sema ukweli maabara, urudie. Sodiamu unayoila, karibu 90 kwa mia inatokea huko. Majibu yakija milimoli 100, umekula chumvi karibu gramu 6. Yakija 200, karibu gramu 12.

Kama kipimo hakipatikani, soma lebo. Ikiandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Kwa vipimo vya Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi kwa kila gramu 100 kinahesabiwa kuwa na chumvi nyingi, chini ya 0.3 ni kidogo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 5 hadi 6, hicho kimoja tayari kimemaliza siku yako. Mkate, nyama za kusindika, vidonge vya supu na michuzi ya chupa ndiko inakojificha, kwa sababu ulimi umeshaizoea. Ukipunguza taratibu, baada ya wiki chache ulimi unahama, na chakula cha zamani utakiona kichungu.

#19 Kidadisi

Na mtu akifuata yote hayo, presha inashuka kwa kiasi gani? Tusije tukahangaika kwa pointi 1.

#20 Hadubini

Jaribio la DASH-Sodium, mwaka 2001, watu 412, chakula wakipikiwa. Kwenye mlo wa kawaida, kushuka kutoka chumvi nyingi hadi kidogo kulipunguza ile namba ya juu ya presha kwa 6.7. Walipounganisha chumvi kidogo na mlo wa matunda, mboga, kunde na maziwa yasiyo na mafuta mengi, wenye presha walishuka 11.5 wakilinganishwa na wa mlo wa kawaida wenye chumvi nyingi. Hiyo 11.5 ni sawa na kazi ya kidonge kimoja. Mlo huo una potasiamu tele pia, kwa hiyo platileti zinaweza kupata nafuu kwa njia mbili: chumvi kupungua na potasiamu kuongezeka.

#21 Mwali wa Asubuhi

Wakuu, mimi ni mjamzito, kliniki wamenianzishia aspirini ndogo kwa sababu mimba iliyopita nilipata kifafa cha mimba. Nimesoma #7 nikaogopa, niache?

#22 Nesi wa Zamu

Usiache mdogo wangu. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwa mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, aspirini ndogo inapendekezwa, na Shirika la Afya Duniani linataka ianze kabla ya wiki 20. Kule kondo la nyuma lenyewe ndilo linalosumbuliwa na platileti na mishipa kubana. Hudhuria kliniki zote, na maumivu ya kichwa yasiyoisha, kuona maluweluwe au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia usiyalalie nayo.

#23 Figo Moja

Hadubini, kwa kuwa diklofenaki umenikataza, nilikuwa natumia paracetamol ile ya kuchemka kwenye glasi, kwa mgongo. Hiyo vipi?

#24 Hadubini

Paracetamol yenyewe haina shida na platileti kwa dozi ya kawaida, japo ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa nayo inaweza kuipandisha presha kidogo, kwa hiyo mwambie daktari. Ila hiyo inayochemka, soma karatasi ya ndani ya boksi. Kile kinachoifanya ichemke ni baikaboneti ya sodiamu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliwaangalia wanaotumia dawa za namna hiyo zenye sodiamu, ukakuta presha na viharusi ni vingi zaidi kwao kuliko kwa waliopewa dawa zilezile zisizo na sodiamu.

#25 Figo Moja

Nimesoma. "Kila kidonge kina sodiamu miligramu 418." Nikibanwa na mgongo nakunywa viwili, mara nne kwa siku.

#26 Hadubini

Vidonge 8 mara 418 ni miligramu 3,344 za sodiamu. Zidisha kwa 2.5, unapata chumvi gramu 8.4, kabla hujagusa chakula. Badilisha uchukue vidonge vya kawaida vya kumeza na maji, dawa ni ileile. Na ukienda kwa daktari beba hilo boksi.